Kisiwa cha Walioliliwa

Mgomba tuliouzika badala ya mdogo wangu Kasonia ulichipua wiki ya sita. Mama ndiye aliyeuona wa kwanza. Alikuwa amekwenda asubuhi kung'oa majani juu ya kaburi, akarudi bila jembe, akakaa mlangoni na mikono yote miwili kichwani. Mimi nilikuwa nimekuja kumsalimia tu na nilitaka kuwahi gari la kurudi Butembo, kwa hiyo nilimuuliza kwa ukali kidogo kuna nini tena.

"Mutoto yangu hapana kufa," akasema. "Kuya uone."

Inabidi nieleze, maana mtu wa mbali anaweza kudhani sisi wote vichwa vimetuharibika. Katika ukoo wetu kule Vuhovi, na kwa wengi wa lugha yetu, mtu akipotelea mbali na mwili wake usionekane, hatumwachi hivi hivi. Ndugu wa tumbo moja hukata shina la mgomba lenye urefu wake, hulifunga ndani ya shuka aliyolalia, na tunalizika nyuma ya nyumba. Tunalia, tunanyoa vichwa, tunapika maharage. Kuanzia siku ile mtu huyo ni marehemu. Padri anajua na hasemi kitu. Huja siku ya tatu akasali kana kwamba chini pale kuna mtu. Shina lenyewe lina masharti mawili: litoke kwenye mgomba uliokwisha kuzaa, na likatwe juu ya ardhi, ili lioze. Kila mtoto wa kwetu anayajua masharti hayo.

Nami niliyajua. Lakini Kasonia ni mrefu kuliko wanaume wote wa ukoo, na mwezi ule upepo ulikuwa umeiangusha na kuivunja migomba yote mirefu. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni, wanawake walikwisha anza kulia uani, na mgomba mmoja tu ulikaribia urefu wake, mchanga, haujazaa hata mkungu mmoja. Ukikatwa juu ya ardhi ungepungua shubiri mbili. Basi nikauchimba, nikaung'oa pamoja na kisiki chake chenye mizizi, nikaufunga shuka haraka haraka kabla mtu hajaja kuchungulia. Mimi Virginie nimezaliwa na haraka, na sijawahi kuambiwa hivyo kama sifa.

Hata siku yenyewe ya kuzika niliiharakisha mimi. Kasonia alikuwa amekwenda nyuma ya Biakato kunitafutia mafuta ya mawese, maana ninauza mawese sokoni Butembo na siku hizo nilikuwa na mguu mbovu. Njia ikashambuliwa, watu wakatawanyika msituni, na kilichorudi ni koti lake tu. Mama alitaka tungoje mwaka mzima. Baba mdogo Zorobabel, mkubwa wa ukoo tangu baba yetu afariki, alisema miezi mitatu. Mimi nikasema wiki tatu zinatosha, nikasema kwa sauti, nikasema kila siku, mpaka wakachoka kunisikiliza. Kila pikipiki iliyosimama mbele ya nyumba ilinipasua moyo. Nilitaka awe amekufa ili nipate usingizi. Ni neno baya, lakini ndilo lililokuwa moyoni mwangu.

Sasa baba mdogo Zorobabel aliitwa, akaja, akatazama yale majani matatu ya kijani juu ya kaburi, akavua kofia. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema kwamba Kasonia yuko hai mahali fulani. Akasema pia kwamba kaburi lililochimbwa kwa ajili ya mtu aliye hai halikubali kubaki hivyo. Siku Kasonia atakapoingia nyumbani kwa mlango, mtu mmoja wa nyumba hii itabidi atoke na kushika nafasi yake chini. Ilikuwa hivyo tangu zamani, na yeye alikwisha kuona mara mbili.

Mama alisikiliza yote akiwa anachambua maharage. Alipomaliza aliniambia niende nikamlete mtoto wake. Yeye, alisema, amekula chumvi ya kutosha, na kaburi liko karibu na nyumba, si safari ndefu. Kuanzia jioni ile aliacha kula. Uji kijiko kimoja, maji, basi. Nikaelewa kwamba alikuwa amekwisha kuamua: mwana aingie, yeye atoke. Nikaondoka kesho yake nikiwa na hasira naye, na hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Nilipita Beni bila kusimama. Kutoka pale nilipanda pikipiki, Mangina, Makeke, Biakato, siku nzima ya matope na vizuizi, halafu mwendo wa miguu wa siku mbili chini ya miti hadi mtoni. Pale nilimkuta Maliro na mtumbwi wake. Ni Mundaka, wa kabila la watu wa mto, mtu wa maneno machache, na tulikuwa tumefanya biashara ya mawese kwa miaka. Nilipomtajia Kasonia hakushangaa. Alisema wanawake wa madema ya samaki wamemwona mtu mrefu wa Butembo, chini kabisa, kule kwenye visiwa, na kwamba mtu huyo hayuko peke yake.

Kisha akanipa masharti. Nisiite jina la mtu yeyote juu ya maji. Na tukifika kwa watu wale, nianze mimi kusalimia.

"Bale banangojaka," akasema. "Mufu hapana kusalimia mutu wa kwanza."

Nilimwambia kwamba sikutoka Butembo kuja kusikiliza hadithi za kutisha watoto. Akatia kasia majini.

Siku ya kwanza mto ulikuwa mto tu. Maji ya rangi ya chai, mbu, miti iliyokutana juu yetu mpaka mchana ukawa na giza la jikoni. Siku ya pili visiwa vilianza, vingi mno, na sikuweza tena kusema ukingo uko wapi. Tulipitia madema yaliyotegwa vizuri, samaki wanarukaruka ndani, na hakuna mtu. Tuliteremka kwenye kisiwa kimoja ili nipumzishe mguu, tukakuta moto. Majivu yalikuwa na joto, maganda ya ndizi yalikuwa bado hayajabadilika rangi. Kwenye mchanga kulikuwa na nyayo nyingi za watu zinazoingia majini. Nilitafuta zinazotoka, sikuziona. Wayo mmoja ulikuwa mrefu na hauna kidole cha mwisho, na Kasonia alikatwa kidole kile na jembe akiwa na miaka saba, mimi nikiwa nimelishika jembe. Nilipiga magoti pale nikaweka kiganja changu juu yake.

Nikasahau nilichoambiwa. Nikasimama, nikaliita jina lake kwa nguvu zangu zote kuelekea mtoni.

Ndege wakanyamaza. Si wa karibu tu, wote, mpaka nikasikia maji yanavyopita kwenye ubavu wa mtumbwi. Halafu kutoka kisiwa cha mbele sauti ya mwanaume ikaitika, kutoka cha nyuma nyingine, na kutoka kulia nyingine, moja moja, bila haraka, kila moja ikitamka "niko" kama watu wanaoitwa kwenye orodha. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Kasonia. Maliro alinishika mkono akanirudisha mtumbwini kama mtoto. Tangu hapo hakupumzika, na kila mara alipogeuka nami niligeuka. Nyuma yetu, mbali kidogo, mtumbwi ulitufuata. Watu wawili walikuwa wamesimama ndani yake, vichwa vimenyolewa, na kasia zao hazikutoa sauti.

Tulifika asubuhi ya siku ya tatu, katika ukungu. Wanaume tisa walikuwa wamesimama ukingoni, mstari mmoja, wote wamenyolewa upara, wananitazama. Hakuna aliyefungua mdomo. Nikapiga moyo konde nikasema "Mwavukire", salamu yetu ya asubuhi, na ndipo wote tisa wakaitikia pamoja. Kusikia Kinande chetu kizuri namna ile, katikati ya maji yale, kuliniogopesha kuliko ukimya.

Walinikalisha juu ya gogo. Walikuwa watu wazima wenye miili, walikohoa, mmoja alikuwa na jipu shingoni. Ninasema hivi kwa sababu watu huniuliza. Walikuwa hai. Lakini hawakuniuliza vita vimefika wapi, wala bei ya chumvi, wala rais. Kila mmoja alikuja kwa zamu akachuchumaa mbele yangu na swali lile lile. Wa kwanza alisema anaitwa Salomon, wa Oicha, na akauliza kama nilisikia kilio chake.

Nilikuwa nimekisikia. Nilikwenda na dumu la mafuta kwenye kilio hicho miaka miwili nyuma, kwa kuwa mke wake ni mteja wangu. Nikamwambia ndiyo, walikulilia, watu walijaa hadi barabarani. Alitaka kujua nani alilia sana, na walipika nini, na shina lilikuwa la urefu gani. Nilipomwonyesha kwa mkono alitikisa kichwa polepole, ameridhika, akaenda kukaa. Mwingine, Delphin wa Kamango, alingoja jibu langu amefumba macho. Nilimwambia ukweli kwamba sijasikia kilio chochote cha jina lake.

"Donc mimi bado kufa," akasema. Akajifunika uso akalia kwa furaha, na wenzake wakajitenga naye kidogo, maana hakuwa tena mmoja wao.

Mzee mmoja aliniuliza na mimi walinizika lini. Nilimjibu kwa ukali kwamba sijazikwa. Aliniomba radhi kwa adabu sana.

Kasonia hakuwa kwenye mstari. Nilimkuta nyuma ya kibanda anashona wavu, amekonda, kichwa kimenyolewa. Hakunitazama. Nilisimama mbele yake na maneno yote niliyoyaandaa tangu Biakato yakanipotea. Ndipo nikakumbuka, nikamsalimia mimi kwanza, na akaacha sindano.

"Yaya," akasema, jinsi tunavyomwita dada mkubwa. "Nani alikata ile mugomba?"

Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia pia kwamba niliung'oa mchanga na mizizi yake, na kwamba wiki tatu zilikuwa za kwangu, si za mama. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

Hakukasirika. Alinieleza jinsi alivyokimbia siku ile ya shambulio, akapotea, akatembea wiki tatu anakula mizizi, hadi akafika saa mbili tu kutoka Biakato. Alikuwa anasikia majogoo ya watu. Hapo asubuhi miguu ikafa ganzi. Akalala chini, akahisi kitambaa usoni, halafu uzito, na mdomoni ladha ya udongo wa Vuhovi, ule mwekundu. Alipoweza kusimama miguu haikukubali kwenda mbele tena, ilikubali kurudi tu. Watu wa kisiwa walikuwa wanamngoja mtoni na wembe. Nilihesabu siku kichwani, zikaangukia asubuhi ile tuliyolizika shina, nikaacha kuhesabu. Akasema kwamba wiki chache baadaye alianza kuhisi kitu kinaota kwenye nyayo zake, kinamvuta kwenda nyumbani, na kwamba hakuweza kulala kwa sababu ya kitu hicho.

"Sasa mbona haukuye?" nikamuuliza.

"Nikiingia, nani atatoka?"

Walijua wote pale. Ndiyo sababu ya kisiwa. Wanaume tisa wenye wake na watoto, barabara iko wazi siku nyingine, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuvuka mlango wake na kumtoa mtu. Nilikuwa nimewaogopa tangu asubuhi. Sasa niliona haya mbele yao.

Alitaka habari za mama. Ningeweza kusema uongo, na ninajua kusema uongo, miaka ishirini sokoni. Nikamwambia kwamba mama ameacha kula ili yeye apate kuingia. Kasonia akachukua tena sindano yake. Alisema kwa hiyo hatarudi kamwe, nimwambie mama ale. Nikamwambia mama hatakula, anamjua mama. Yeye asiporudi mama atakufa kwa kungoja, yeye akirudi mama atakufa kwa kumpisha. Tukakaa hivyo, yeye anashona, mimi natazama, hadi ukungu ukaondoka na nikaona ng'ambo ya pili kisiwa kingine, na watu wengine wamesimama mstari, wanawake, wananitazama bila kusalimia.

Sijui mawazo mengine ya mtu hutoka wapi. Hili lilitoka tumboni. Nilimwambia kwamba baba mdogo alisema mtu mmoja wa nyumba, hakusema mama. Na nyumba ile ni yangu pia, nimezaliwa ndani yake. Aliyekata vibaya atakatiwa vizuri.

Kasonia alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Yaya, unajua ile kitu unasema?"

"Ninajua. Wewe njo utakata. Na usikate mbio kama mimi."

Alikataa mchana kutwa. Nilimshinda, kwa kuwa nimemshinda tangu utoto, na pia nadhani kile kitu kilichoota nyayoni kwake kilinisaidia. Tuliondoka na Maliro kesho yake, na Delphin wa Kamango tulimchukua, akaimba njia nzima mpaka Maliro akamwomba apumzike. Nilipogeuka, wanane walikuwa bado wako ukingoni. Salomon alikuwa wa mwisho kupotea.

Vuhovi tulifika alasiri. Kasonia alingoja kwenye migomba, hakukanyaga uwanja. Mama alikuwa mkekani, mwepesi hata shuka haikuonyesha kama kuna mtu, na nilipomwambia amekuja alifungua macho akasema basi, na mimi niko tayari. Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba shina la mgomba litazikwa kwa jina langu. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo na akaniambia nifunge mdomo, mtoto hachaguliwi juu ya mtoto. Kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka. Nilimwacha aseme yote. Halafu nikamkumbusha kwamba hakuna anayekufa: mimi nitakuwa Butembo, nitakula, nitauza mafuta, nitalala kitandani kwangu. Ila sitakuwa wake. Baba mdogo Zorobabel, aliyekuwa mlangoni, akasema kwamba inawezekana, mradi agano hilo lisivunjwe. Siku mama atakaponiita mwanangu, au mimi kumwita mama kwa haki ya kuzaliwa, kaburi litafunguka upya na litachagua lenyewe.

Tulifukua. Kisiki kilikuwa kimeishika shuka kwa mizizi myeupe, ikabidi kukata mmoja mmoja. Kasonia alitafuta mgomba wa urefu wangu, uliokwisha kuzaa, akakata juu ya ardhi, pole pole, machozi yanamtiririka. Baba mdogo aliuingiza ndani ya kitenge changu.

Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka. Nilisimama barabarani, nyuma ya ua wa jirani, na nilikisikia kilio changu. Nilisikia wale shangazi ambao walikuwa hawanipendi wakilia kwa bidii. Halafu nikasikia sauti ya mama ikitaja jina langu, mara moja, ndefu, na nikajua kwamba si maonyesho, ananizika. Nilitaka kukimbia nimwambie niko hapa. Nilishika ua kwa mikono miwili mpaka gari lilipokuja. Kasonia aliingia kwa mlango jioni ile, na mama akala sahani ya ugali na mboga, akamaliza. Niliambiwa na mtu.

Watu wa Vuhovi wanaokuja sokoni Butembo wananipita, na mimi siwezi kuwasalimia wa kwanza. Wengine husalimia, wengi hawasalimii. Sina ugomvi nao.

Lakini mama huja. Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, anashuka na kikapu chake na kufika kwenye meza yangu kama mteja. Anauliza kama mafuta ni mapya. Ninasema ni ya wiki hii. Ananusa kifuniko, ananunua chupa moja, ingawa ninajua kwamba nyumbani wana mafuta, Kasonia huwapelekea. Amenenepa. Siku zote huwa tunaishia hapo.

Jumamosi iliyopita alibaki. Wateja wawili walikuwa wanangoja nyuma yake, hakuwajali. Alikuwa anatazama mikono yangu inavyopangusa chupa.

"Nilikuwaka na mutoto mwanamuke," akasema. "Alikuwa anafanana na weye."

Wale wateja walimtazama kwa huruma. Nilikuwa na neno moja mdomoni, lile ambalo siruhusiwi, na nililimeza. Nikamwambia pole, jinsi unavyomwambia mfiwa yeyote aliyesimama mbele ya meza yako. Akasema "Wasingya", asante ya kwetu, akaweka chupa kikapuni, akaifunika vizuri na kitambaa, akaenda zake.